Yai Ndani ya Uji

Nyarugusu, Geita
14 Januari 2024

Kwako Baba,

Shikamoo Baba. Na Mama mshike ule mkono mzima ndipo umpe shikamoo yangu. Sisi huku tunapumua. Wajukuu zako wanakula na kupigana, Mwita yuko machimboni, na mimi tumbo linakua na miguu inavimba. Nesi wa kliniki kasema presha iko juu, amenikataza safari mpaka nijifungue. Nilimwambia mama yangu mzazi kapata kiharusi, lazima niende Shinyanga. Akanijibu, basi mnataka mlale wagonjwa wawili kitanda kimoja? Nikarudi nyumbani nalia.

Najua kukupigia simu ni kazi bure, masikio yako uliyaacha kwenye mashine za jineri ya pamba. Ndiyo maana naandika. Jirani yenu Mama Ignas kaniambia Mama ameruhusiwa kutoka hospitali, upande wa kulia umelala, na wewe unamlisha uji mtupu asubuhi, mchana na jioni. Wewe mwenyewe eti unakula ugali na chumvi. Baba! Ugali na chumvi, na banda la Mama limejaa kuku wanaotaga? Hebu acha utani.

Nisikilize, maana hii ndiyo kazi yangu. Nawapikia wachimbaji thelathini kila siku na nyama wanaiona Jumapili tu. Siku nyingine nawashibisha kwa mayai na hakuna aliyewahi kununa. Kata kitunguu kimoja na nyanya mbili, kaanga mpaka nyanya zilegee. Tia maji kikombe kimoja na chumvi, acha yachemke. Pasua mayai manne juu ya huo mchuzi, moja moja, na usikoroge! Funika, hesabu mpaka mia mbili, epua. Hiyo ni mboga ya watu wawili na inabaki. Siku nyingine chemsha ile nsansa ya Mama, yale majani ya kunde aliyoyakausha, tia karanga za kusaga, mwishoni mimina mayai mawili uliyoyapiga vizuri. Utakula mpaka uite majirani.

Mama ndiye shida. Daktari alisema ale mayai, maziwa, vitu laini vya kumrudishia mwili. Lakini tangu nipate akili sijamwona Mama akitia yai mdomoni. Alituchemshia, akatumenyea, halafu akanawa mikono. Jaribu, Baba. Liponde na kiazi kitamu. Mwambie ni mimi nimeomba.

Mwanao akupendaye,
Vumilia


Ibadakuli, Shinyanga
23 Januari 2024

Ng'wanone, mwanangu Vumilia,

Mwangaluka. Marahaba kwa ile shikamoo iliyosafiri na basi. Bujiku kondakta kaileta barua mwenyewe mpaka mlangoni, nikampa maji ya kunywa na habari za mvua. Mimi ni mzima isipokuwa vidole viwili vilivyoungua, na kosa ni lako.

Uliandika nihesabu mpaka mia mbili, hukuandika kwa mwendo gani. Mimi nimepima pamba ya watu miaka ishirini na tisa. Nahesabu taratibu, maana ukiharakisha mkulima anapunjika. Nilipofika mia na arobaini mchuzi ulikuwa umekauka, mayai yameshika chini na moshi umejaa nyumba. Mama Ignas akaja mbio na ndoo ya maji. Alipoona ni mboga, alicheka mpaka akakaa chini. Sasa mtaa mzima unajua Mzee Pantaleo anapika. Wazee wenzangu wananiuliza kama nimeshanunua na kanga.

Mara ya pili mboga ilitoka vizuri. Nilikula, nikabaki nimekaa na sahani, nikawaza jinsi mama yako alivyonipikia miaka yote hii bila mimi kuuliza hata kitunguu kinakatwaje.

Sasa habari za Mama. Maneno yote yamemtoka, limebaki moja tu, nalisoma midomoni mwake, yaya, ile hapana yetu ya Kisukuma. Ukimwuliza kama ana njaa, yaya. Kama anataka maji, yaya, huku anayanyooshea mkono. Nimejifunza kutazama mkono. Lakini kwa yai sikuwa na haja ya kuangalia mkono. Nililiponda na kiazi kama ulivyosema, nikamwambia Vumilia kaomba. Harufu ilipomfikia alifumba mdomo, akageukia ukutani, machozi yakamtoka. Sikujaribu tena.

Anakula uji, vijiko vitano au sita. Jana nilimbeba kumtoa nje apate jua, akawa mwepesi mpaka nikaogopa. Najua uzito wa vitu, mwanangu. Huyu anapungua.

Baba yako,
Pantaleo


Nyarugusu
30 Januari 2024

Kwa Baba mpishi,

Shikamoo, na pole ya vidole. Nimecheka mpaka Mwita kaja kuangalia kama nimeshikwa na uchungu. Halafu nikafika kwenye habari za uzito, cheko likakatika.

Baba, tusibembelezane na Mama, tumzunguke. Mchimbaji wangu akitoka shimoni anaumwa na hataki kula, nafanya hivi. Pika uji wako mzito kidogo. Piga yai kwenye bakuli mpaka usione tena kiini wala ute, rangi moja tu. Epua uji, acha utulie kidogo. Chota upawa mmoja wa uji, mimina kwenye yai pole pole huku unakoroga bila kuacha. Chota wa pili, koroga. Ndipo urudishe vyote kwenye sufuria, uweke tena motoni kidogo tu, usichemke. Ukimimina yai moja kwa moja kwenye uji wa moto litagandamana vipande vipande na Mama ataliona. Tia maziwa na sukari. Ukipata ndimu, kamulia tone moja kuua harufu.

Anza na yai moja. Akizoea, mawili. Na ile michembe, vile viazi vilivyokaushwa vilivyoko kwenye debe, ichemshe mpaka ilainike, isage na maziwa na yai, ipike tena kwa moto mdogo. Hata asiye na meno atakula.

Najua ni kumdanganya. Dhambi nibebeshe mimi, nina mgongo mpana. Wewe mlishe tu.

Mwanao,
Vumilia


Ibadakuli
21 Februari 2024

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Habari za miguu yako? Za presha? Mwambie nesi wako mzee mmoja wa Ibadakuli anamheshimu, azidi kukufungia hapo hapo.

Nina habari njema na sijui nianze na ipi. Mama anakula! Bakuli zima. Siku tatu za kwanza nilikoroga nikimpa mgongo kama mwizi, naye akanywa, akanitazama, akataka tena. Sasa anapata mayai mawili asubuhi na mawili jioni, na hajui. Mashavu yamerudi. Wiki iliyopita alishika kikombe mwenyewe. Juzi alikaa kitandani bila mto mgongoni, akamfukuza jogoo aliyeingia ndani, kwa sauti iliyofika kwa jirani. Mama Ignas alipiga vigelegele mpaka watu wakauliza nani anaolewa.

Na mimi nimekuwa fundi. Napika mayai na mchicha, mayai na bamia, mayai na maharage yaliyolala. Yai moja nikilipiga na unga kidogo na kitunguu nakaanga, najaza sahani. Siku hizi mabinti wa jirani wanakuja kuniuliza mimi. Wale wazee wa kanga nao wanapita saa sita mchana wakijidai wananisalimia, nawapa sahani wananyamaza.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kila asubuhi ananiuliza kwa macho, akionyesha bakuli. Namwambia ni maziwa. Anatabasamu upande mmoja, ule ulio mzima, ananishika mkono. Vumilia, nimemdanganya mama yako asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na kila mara ananishukuru. Nilidhani nitazoea.

Baba yako,
Pantaleo


Ibadakuli
7 Machi 2024

Vumilia mwanangu,

Pokea salamu, hata kama leo hazina nguvu. Mama amejua.

Hatukufikiria kitu kimoja, mimi na wewe. Yule ni mfugaji. Kuku akishataga hutetea, na yeye amelala pale ndani siku nzima hana kazi nyingine, anasikiliza banda lake. Kila tetea anamjua kwa sauti. Mimi sisikii hata radi. Jumatatu jioni nilikuwa napanga mayai kwenye trei, akanionyesha vidole vitano vya mkono mzima, kisha vinne. Sikuelewa. Akaonyesha banda, akarudia vile vile, tisa. Halafu akaonyesha trei: matano. Nikasema yale manne nimekula mimi. Akaonyesha sahani yangu ya mchana, ilikuwa na maharage matupu.

Alivuta bakuli la uji akalinusa. Akachovya kidole, akakisugua na kidole kingine, mara nyingi. Aliponitazama nilijua yamekwisha. Akasema yaya. Akalisukuma bakuli likaanguka. Akatia vidole kooni ajitapishe, nikamshika mkono, tukapigana, mwanangu, mimi na mgonjwa wangu.

Kisha akafanya hivi: akachora tumbo kubwa hewani kwa mkono wake, akaonyesha upande wa Geita, akalia.

Leo ni siku ya nne hapokei kitu mkononi mwangu. Anakubali maji na uji mwembamba wa Mama Ignas, vijiko vitatu, baada ya kuunusa. Yale mashavu yameanza kuondoka. Nimepika kila ulichonifundisha na nimekula peke yangu, au sikula.

Baba yako


Nyarugusu
11 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, sufuria ya maharage ikaungua, wachimbaji wakala mkate.

Niambie ukweli, maana hii si mila tu. Kama ni mila, mbona Mama alinipa mayai mimi, mtoto wa kike, wakati wenzangu mtaani walikatazwa? Majirani walimsema na hakujali. Mama Ignas anakula, wamama wote wa kanisani kwao wanakula. Mtu hakubali kufa njaa kwa ajili ya mila ambayo yeye mwenyewe aliivunja kwa watoto wake.

Na kwa nini alionyesha tumbo langu? Mimi na mimba yangu tunahusikaje na uji wake?

Kuna kitu, Baba. Nakijua kimya chako, nimekua nacho ndani ya nyumba. Ningekuwa na miguu ningekuja nikuulize uso kwa uso. Nimebakiza mwezi na nusu na nesi anataka kunilaza. Mama yangu anakufa na mimi nimekaa huku napika. Sema.

Vumilia


Ibadakuli
15 Machi 2024

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama yako yu hai. Umeniambia niseme.

Kabla yako kulikuwa na mtoto. Aliitwa Adam. Tulikuwa tunaishi Ushetu kwa mama yangu, tunalima tumbaku. Mimba yake ilikuta mwaka wa njaa. Na kwa mama yangu mwanamke hali yai, sembuse mjamzito. Yai lilikuwa la wanaume na wageni. Mama yako alikuwa na miaka kumi na tisa na njaa ya watu wawili. Siku moja akatoa mayai matatu kwenye kiota, akayafukia kwenye majivu ya moto kule kwenye bani la kukaushia tumbaku, akayala. Mama yangu akakuta maganda. Akamtukana siku nzima, yakaisha. Mtoto akazaliwa mzima, mnene, mwenye kelele.

Alipofikisha miezi mitano alishikwa na homa. Ilikuwa Juni 1985, msimu wa ngoma. Wewe hujawahi kuniona nikicheza, Vumilia, lakini nilikuwa mchezaji wa kutajwa. Sisi Bagika, chama chetu cha ngoma, tulikuwa na mashindano na wapinzani wetu Bagalu, siku mbili, mbali na kwetu. Mama yako akaniambia toa baiskeli tumpeleke mtoto zahanati. Nilimgusa kichwa, kilikuwa cha moto. Nikamwambia asitikiswe na barabara, kaa naye hapa, nitaifuata dawa mwenyewe. Alinifungia viazi vya njiani. Nikapanda baiskeli, nikaenda kucheza ngoma.

Nilijiambia ni homa ya meno. Nilijiambia nitapitia dawa wakati wa kurudi. Tulishinda. Niliporudi walikuwa wameshachimba kaburi.

Wazee wakaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema gurudumu lilipasuka, nimeikokota baiskeli siku mbili na zahanati nimekuta imefungwa. Kabla hawajauliza la pili, mama yangu akasimama mbele ya wanawake akasema msimuulize mwanangu, mtoto kauawa na mayai, huyu alikula mayai akiwa na mimba. Watu wote wakamgeukia mama yako. Hakuna aliyenitazama tena. Nikainamisha kichwa, nikaacha iwe hivyo.

Hawakumruhusu kulia kwa sauti, walisema muuaji haombolezi. Jioni yake alinikanda miguu kwa maji ya moto. Ilikuwa imevimba kwa ngoma, yeye akiamini imevimba kwa kutafutia mtoto wetu dawa. Akaniambia pole. Kisha akaapa kaburini kwamba yai halitapita tena kinywani mwake, ili watoto watakaokuja waishi. Ukaja wewe ukaishi. Alikubeba akaniambia, unaona? Nikasema naona.

Sasa umeelewa kwa nini alilia. Hajililii yeye. Anaamini kwa ule uji ametengua kiapo, na kitakachokufa ni kilichoko tumboni mwako.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia siku yoyote. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya siku elfu kumi na nne. Sasa daktari anasema asipate mshtuko. Nikimwambia huenda nikamuua, nisipomwambia anakufa njaa kando ya banda lililojaa mayai. Wewe ni mtoto wake. Niambie nifanye nini. Jumapili nitamsubiri Bujiku stendi.

Pantaleo


Ibadakuli
28 Machi 2024

Vumilia,

Nakusalimu, kama utaipokea salamu yangu.

Jumapili ile nilikaa stendi mpaka basi la mwisho. Bujiku alishuka, akanionyesha mikono mitupu. Sikukulaumu. Jumatatu asubuhi Mama alikataa hata maji, na mimi sikusubiri tena.

Nilichemsha yai, nikalimenya, nikaliweka kwenye kisosi karibu na mkono wake mzima. Nikakaa chini sakafuni ili anione usoni. Nikamwambia yote, kuanzia homa. Nilisema jina la Adam, ambalo hatujalitamka ndani ya nyumba hii tangu tuhamie. Nilipofika kwenye miguu aliyonikanda, aliniondolea macho. Nikamalizia hivyo hivyo. Nikamwambia, Noela, mayai hayakumuua mtu. Mtoto alihitaji dawa, na mimi nilikuwa nacheza. Vumilia yuko salama na mimba yake iko salama. Hukuwahi kufanya kosa lolote.

Alitazama yai kwa muda mrefu sana. Nilidhani hakunisikia, au akili imechoka. Kisha akalichukua mwenyewe. Akauma kidogo, akashika kwenye ulimi, akatafuna. Akala lote. Akaonyesha kisosi, nikaleta jingine. Alikula manne bila kunitazama hata mara moja, chembe za kiini zikimganda mdomoni.

Halafu akalia. Vumilia, mimi sisikii mashine, sisikii radi, lakini kilio kile nilikisikia. Alikuwa anamlilia mtoto. Karibu miaka thelathini na tisa alikuwa hajapewa ruhusa. Mama Ignas akaingia anapiga kelele, nani amekufa? Nikamjibu, Adam, mwanetu wa kwanza. Akamtazama mama yako, akanitazama mimi, akavua viatu, akaketi chini akaanza kulia naye. Wanawake wa mtaa wakaja. Wakatandika mikeka. Walikaa naye siku mbili kama msiba wa leo, wanamshika, wanamfuta uso. Wanaume walikuja, wakasikia ni msiba wa lini, hawakujua wakae wapi. Wengine waliondoka bila kunipa mkono.

Waombolezaji lazima wale, na wanawake wote walikuwa ndani kwake. Nikawasha moto. Nilipika kila yai lililokuwa ndani ya nyumba hii, kwa nyanya, kwa karanga, kwa unga, nikasonga ugali, nikapeleka mpaka mlangoni nikarudi jikoni. Mama yako alikula. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka na nilikipata.

Siku ya tatu mjomba wako Gregory alifika na gari la kukodi kutoka kwao Ushetu. Sijui nani alimwita, sikuuliza. Mama alionyesha kanga zake, Mama Ignas akazifunga. Nikamwuliza Mama kama naweza kwenda naye nimwuguze huko. Akasema yaya. Mkono wake haukusema kingine. Nikasaidia kumbeba mpaka kwenye gari, na nikaona uzito umeanza kurudi.

Sikuombi uniombee kwake. Nilitaka tu ujue anakula.

Baba yako, kama bado ni neno lako,
Pantaleo


Ushetu
16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa sababu mkono umezoea, moyo bado haujui.

Ile barua yako ya Machi, ya habari za Adam, ilinifikia Jumamosi. Bujiku alisimama mlangoni akingoja jibu. Niliandika mara tatu, mara tatu nikatia kwenye moto wa jiko. Nikamwambia aende. Nilijua Mama anasubiri neno langu na bado nikamwambia aende, kwa hasira ya kukutaka wewe uungue. Hiyo ni yangu, sikupi wewe uibebe.

Nilijifungua tarehe ishirini na sita Aprili, kwa upasuaji. Mtoto wa kike, anaitwa Eufrasia, ana sauti ya kuamsha machimbo yote. Nesi aliponiruhusu nimempakata nimekuja naye huku. Mama alipomwona alimvua nguo zote, akamkagua vidole, masikio, mgongo, akamgeuza huku na huku. Alipomaliza akamrudia tena tangu mwanzo. Kisha akalala usingizi mchana kutwa.

Anatembea na fimbo mpaka mlangoni. Maneno yameongezeka: maji, njoo, Eufrasia, Adam. Anakula mayai kila siku, ya kuchemsha tu, anamenya mwenyewe kwa mkono mmoja na hataki msaada. Mjomba Gregory analalamika kuku wake hawapati kuatamia. Wakati mwingine anakula huku machozi yanamtoka, namwacha.

Nilimwuliza mara moja tu, Baba, kama uje hata kumsalimia na kuondoka. Aliendelea kumenya. Alipomaliza akalikata yai vipande viwili, kimoja akanipa mimi. Kingine akala mwenyewe. Kwa hiyo usije. Sisemi maisha, sijui ya maisha. Nasema usije.

Juzi Bujiku kapita huku, kasema umekonda, na kwamba bado unapika sufuria ya watu wawili, unakula kidogo, inayobaki unawamwagia kuku. Acha kufanya hivyo. Nakuandikia chapati ya maji, ya mtu mmoja. Unga wa ngano, vijiko vinne vya kulia. Yai moja. Maji, tia kidogo kidogo, mpaka uwe mwepesi wa kumiminika kwenye kijiko. Chumvi kidogo. Kitunguu kikate chembamba, changanya, mimina kwenye kikaango chenye mafuta kiduchu, geuza ukiona pembeni pamekauka. Inatosha mlo mmoja ukiwa na chai. Kitunguu nusu tu kinatosha, Baba. Nusu nyingine ifunike na kikombe, utaitumia kesho.

Vumilia